Kunasa mabumba ya nyuki: maswali ninayoulizwa kila mara

Mimi si mfugaji mkongwe. Nina misimu mitatu tu. Wa kwanza nilitundika masanduku sita nikaambulia buibui na panya mmoja mwenye watoto. Wa pili nilipata mabumba matatu, moja likanitoroka baada ya siku nne. Wa tatu ndio huu. Maswali yaliyo hapa chini ni yale niliyokuwa nikiwasumbua nayo waliotangulia, na sasa nasumbuliwa nayo mimi na walioanza juzi.

## Mambo ya msingi

Bumba ni nini hasa?

Ni familia ya nyuki iliyogawanyika, na sehemu moja imo safarini kutafuta makao. Watu wengi hudhani malkia mpya ndiye anayefukuzwa. Ni kinyume chake: malkia mzee ndiye anayeondoka, akifuatana na nusu ya vibarua (nyuki wafanyakazi) au zaidi, na nyumba inabaki kwa binti. Anamwachia masega, akiba ya asali, majana (mayai na watoto wa nyuki), na seli za malkia ambazo zimeshafunikwa kwa nta.

Kabla ya kutoka, vibarua hujaza matumbo asali kwa ajili ya safari, na malkia hupunguziwa chakula mpaka akonde, maana malkia anayetaga kwa kasi ni mzito mno kuruka. Wakitoka hawaendi moja kwa moja kwenye makao mapya. Hutua karibu, kwenye tawi au nguzo ya uzio, wakajikusanya kama fungu la ndevu linaloning'inia, wakasubiri wapelelezi walete habari. Hapo wanaweza kukaa saa moja, au siku mbili tatu.

Kwa nini waache mzinga wenye asali tele?

Kwa sababu una asali tele. Nyuki hugawanyika wakati wa neema. Maua ni mengi, mbochi (maji matamu ya maua) unaingia kwa wingi, vibarua wachanga wanazidi kuongezeka, malkia anakosa vyumba vitupu vya kutagia, na harufu yake haiwafikii wote vizuri kwa ajili ya msongamano. Vibarua wanaanza kulea malkia wapya. Kutoka yai hadi malkia kutoka kwenye seli ni siku 16, na seli hufunikwa karibu na siku ya 8. Bumba la kwanza huondoka takriban wakati huo wa kufunikwa, hali ya hewa ikiruhusu.

Hili si sawa na kutoroka, ambapo nyuki wote huondoka kwa sababu ya njaa, siafu, moto au usumbufu na kuacha mzinga mtupu. Nyuki wanaotoroka nao wanaweza kuingia kwenye sanduku lako, na huwezi kuwatofautisha kwa macho ukiwakuta tawini.

Bumba lina nyuki wangapi?

Hutofautiana sana. La kwanza lenye malkia mzee linaweza kuwa na nyuki 10,000 au zaidi. Baadaye, kiasi cha wiki moja hivi, mzinga uleule unaweza kutoa mabumba madogo zaidi yenye malkia bikira, mengine hayazidi ukubwa wa ngumi mbili. Usiyadharau hayo madogo, lakini jua kwamba yatahitaji uangalizi zaidi (tazama "Wiki tatu zimepita na sioni mayai").

Je, nyuki wa bumba hawaumi?

Wanaweza kuuma. Ni kweli kwamba bumba huwa pole kuliko mzinga: hawana majana wala asali ya kulinda, na matumbo yao yamejaa. Lakini bumba lililokaa siku kadhaa tawini limekwisha chakula chake na linakuwa na hasira. Pia aina ya nyuki ina uzito wake. Nyuki wa Kiafrika huamka upesi na kufukuza mbali kuliko wale wa Ulaya. Nimeona video za watu wakichota bumba kwa mikono mitupu. Mimi navaa mavazi yote, kofia ya wavu, glovu na buti, hata kama bumba limelala kama paka.

Nianze lini kutundika masanduku?

Kabla ya maua, si wakati maua yamejaa. Wapelelezi huanza kuzunguka siku kadhaa kabla bumba halijatoka, na sanduku lililokaa wiki tatu au nne juu ya mti limeshakauka, limeshapoteza harufu ya rangi na ya mbao mbichi. Msimu wangu wa kwanza nilitundika nilipoona bumba la kwanza likipita angani. Nilikuwa nimechelewa kwa mwezi mzima.

## Sanduku lenyewe

Liwe na ukubwa gani?

Lita 40 hivi. Thomas Seeley, mtafiti wa nyuki wa Marekani, aliwapa nyuki masanduku ya ukubwa mbalimbali kuanzia miaka ya 1970, na hiyo ndiyo nafasi waliyoipenda. Lita 10 waliikataa kwa kuwa haitoshi kuweka akiba, na lita 100 nayo hawakuipenda. Bahati nzuri chumba kimoja kirefu cha mzinga wa Langstroth (mzinga wa masanduku yenye fremu za kushikia masega) wa fremu kumi kina lita 42 hivi, kwa hiyo mzinga wako wa kawaida ni mtego tayari. Ukitengeneza sanduku lako mwenyewe, sentimita 50 kwa 40 kwa 20 kwa ndani zinakupa lita 40 kamili.

Vipimo hivyo vilipatikana kwa nyuki wa Ulaya. Wale wa Kiafrika hukubali nafasi ndogo zaidi, na wakati mwingine hujenga masega nje kabisa chini ya tawi. Ukifuga hao, sanduku dogo la fremu tano litafanya kazi na ni jepesi kulishusha.

Na tundu la kuingilia?

Dogo kuliko unavyofikiri. Sentimita 12 hadi 15 za mraba, yaani tundu moja la duara lenye kipenyo cha sentimita 4, likiwa chini karibu na sakafu ya sanduku. Piga msumari mmoja katikati ya tundu ili ndege asiingie. Ziba nyufa nyingine zote. Nyuki wanataka mlango mmoja wanaoweza kuulinda, na mpelelezi akiingia ndani akaona mwanga unapenya huku na huku, anatoka.

Niweke harufu gani?

Hapa ndipo kila mtu ana dawa yake ya siri. Zinazoeleweka ni tatu.

Ya kwanza ni nta na gundi ya nyuki. Sugua ndani ya sanduku kwa nta safi, hasa karibu na tundu, na kama una gundi ya nyuki iyeyushe upake. Sanduku lililowahi kukaliwa na nyuki linalishinda jipya, na sababu kubwa ni harufu hiyo.

Ya pili ni mafuta ya mchaichai. Nyuki wana tezi karibu na ncha ya tumbo inayotoa harufu ya kuitana, na mafuta ya mchaichai yana kemikali zilizomo katika harufu hiyo. Matone mawili matatu kwenye kipande cha pamba, ndani ya kifuko cha plastiki kilichoachwa wazi kidogo ili yavuke polepole, yanatosha. Mimi nilimimina nusu kichupa. Mwezi ule hata nzi hakusogea, na sanduku lilinuka mpaka msimu uliofuata.

Ya tatu ni sega la zamani, jeusi, lililolelewa majana. Hiki ndicho chambo chenye nguvu kuliko vyote, na pia ndicho chenye hatari. Vijidudu vya ugonjwa wa kuoza majana huishi miaka mingi kwenye masega. Tumia sega la mzinga wako unaoujua kuwa na afya. La kupewa na mtu usiyemjua liyeyushe uwe na nta. Usiweke sega lenye asali hata kidogo, maana utaita wezi na sisimizi badala ya wapelelezi.

Niweke fremu zote au niache nafasi wazi?

Weka zote, lakini zisiwe na karatasi kamili za nta zinazofika chini. Fremu moja ya sega la zamani pembeni, zilizobaki ziwe na ukanda mwembamba wa nta juu tu. Mpelelezi hutembea ndani akipima nafasi, na karatasi kamili zinamfanya aone chumba kimegawanywa vipande vipande. Ukiacha sanduku tupu bila fremu watakuja pia, ila watajenga masega kwenye kifuniko, mshazari, na utayakata kwa kisu huku wakikuangalia.

Nitundike wapi?

Seeley aliona nyuki wakichagua sanduku la mita 5 juu kuliko la mita 1. Mimi nafunga kati ya mita 2 na 3. Sababu ni moja: siku moja nitapanda ngazi usiku kulishusha likiwa na nyuki wenye uhai na masega laini ndani, na mita 5 ni mbali sana kuanguka.

Zaidi ya urefu, tafuta kivuli kinachoonekana. Maana yake sanduku lipate kivuli lakini lisifichwe ndani ya majani mazito: ukingo wa shamba, mti mkubwa uliosimama peke yake, ukuta wa ghala. Maji yasiwe mbali. Tundu lisielekee upepo mkali. Na lifunge sawasawa, lisiyumbe. Sanduku langu moja lililokuwa likibembea kwa kamba lilitembelewa na wapelelezi misimu miwili bila kuingiwa. Nililipigilia kwenye shina, likapata bumba.

Masanduku mangapi?

Kadiri unavyoweza kuyatembelea. Kumi yaliyosahaulika ni makao ya panya.

## Wakati wa kusubiri

Naona nyuki wachache wakizunguka tundu. Ni wapelelezi, wezi, au wameshahamia?

Swali hili naulizwa kuliko yote, mara nyingi kwa video ya sekunde kumi iliyopigwa kutoka mbali. Angalia mambo matatu.

Wapelelezi hukagua. Huruka polepole mbele ya sanduku, hutembea juu yake nje pande zote, huingia, hutoka, huingia tena. Huja jua likiwa limepanda na kutoweka jioni. Hawana chavua miguuni.

Wezi huja kwa pupa, kwa sababu kuna kitu cha kuiba. Utawaona wakigombania nyufa, na ndani utakuta makombo ya nta sakafuni. Maana yake uliweka sega lenye asali.

Walioingia kabisa hubeba chavua. Ukiona vibonge vya njano au vya rangi ya machungwa kwenye miguu ya nyuma vikiingia tunduni kwa muda wa dakika kumi, hongera. Dalili nyingine: walinzi mlangoni, nyuki wanaopepea kwa mbawa, na wanaoanza kazi asubuhi mapema kabla ya saa za wapelelezi. Gonga sanduku taratibu ukiweka sikio. Bumba hujibu kwa mvumo mmoja mzito, kisha hunyamaza.

Wanaamuaje wahamie wapi?

Nitachukua nafasi kidogo, maana hili lilinibadilisha namna ninavyofanya kazi hii.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Martin Lindauer, mwanafunzi wa Karl von Frisch, alilitazama bumba akaona nyuki wanaocheza juu yake ni wachafu: wengine wana masizi, wengine vumbi la matofali. Wanaotoka kwenye maua hawachafuki hivyo. Akatambua kwamba wale hawakuwa wakitangaza chakula, bali nyumba, ndani ya mabomba ya moshi na kuta za Munich iliyobomolewa kwa mabomu. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1955. Von Frisch, aliyeusoma mchezo huo wa nyuki kwanza, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Kwa ufupi, wapelelezi mia kadhaa hutawanyika. Anayepata pahali pazuri hurudi na kucheza juu ya bumba, mwelekeo na muda wa mchezo ukionyesha upande na umbali. Pahali pakiwa pazuri sana, anacheza mizunguko mingi. Wengine huenda kujionea wenyewe na, wakiridhika, nao hucheza. Anayetangaza nyumba nyingine anaweza kupigwa kichwa na kunyamazishwa. Uamuzi haukamiliki kwenye bumba bali kwenye nyumba yenyewe: wapelelezi wakikutana hapo kiasi cha 20 au 30 kwa wakati mmoja, wanarudi na kuwaamsha wenzao, wote wanapasha misuli moto, na bumba linaruka. Malkia hana sauti katika jambo hili. Anafuata.

Kwa hiyo wewe hunasi bumba. Unagombea uchaguzi ambao mashimo yote ya miti ya eneo lako yanagombea pia.

Jana walikuwa arobaini, leo hakuna hata mmoja. Nimeharibu nini?

Pengine hujaharibu lolote. Wapelelezi wakipotea ghafla maana yake uamuzi umefanyika, na wewe umeshindwa. Au mvua imewazuia, na watarudi. Acha sanduku lilipo. Sanduku lililokosa bumba la kwanza linaweza kupata la pili wiki ijayo, tena kutoka kwenye mzinga uleule.

Kosa ambalo mimi nililifanya ni kupanda ngazi kuongeza mchaichai wakati wapelelezi wapo. Usiguse chochote siku hizo, na usilisogeze sanduku hata kidogo. Anwani imeshatangazwa.

Nikague kila baada ya muda gani?

Mara moja kwa wiki, kutoka chini, kwa macho. Sanduku likikaa na nyuki wiki tatu kabla hujalishusha, masega yatakuwa makubwa na laini na yatakatika njiani.

Nondo, sisimizi na wengine wanaohamia kabla ya nyuki?

Nondo wa nta hupenda sega la zamani kuliko nyuki wanavyolipenda. Weka moja tu, na ukiona utando ndani yake litoe ulichome. Kwa sisimizi na siafu, paka grisi kwenye waya au miguu ya stendi na ukate majani yanayogusa sanduku, maana jani moja ni daraja. Mijusi na buibui wafukuze tu.

## Bumba linaloning'inia

Nimeliona kwenye tawi la chini. Nifanyeje?

Ikiwa hujawahi, usiende peke yako mara ya kwanza. Vaa, washa bomba la moshi lakini uliweke pembeni, na waondoe watu na mifugo. Weka sanduku chini ya bumba, kifuniko kikiwa wazi na fremu chache zimetolewa katikati. Nyunyiza bumba maji mepesi kwa chupa ya kupulizia, linatulia na kujikaza. Kisha tikisa tawi mara moja, kwa nguvu, kwa mkono usiositasita. Kutikisa polepole mara kumi kunawaudhi tu. Rudisha fremu taratibu, funika, na acha tundu wazi.

Likiwa kwenye ukuta au nguzo huwezi kutikisa. Tumia brashi laini au kipande cha kadibodi, uwakombe kuelekea ndani ya sanduku. Au egemeza sanduku juu yao, tundu likiwagusa, na uwafukuze kwa moshi kidogo kutoka chini. Nyuki hupanda kwenda gizani.

Nitajuaje kama malkia ameingia?

Huna haja ya kumwona. Tazama mlangoni baada ya dakika kumi. Nyuki wakisimama kwenye tundu, vichwa ndani, matumbo yameinuliwa juu na mbawa zinapepea, wanatoa ile harufu ya kuitana, na waliobaki angani wataanza kushuka na kuingia kwa miguu kama wanajeshi. Malkia yumo. Wakianza kutoka na kurudi tawini, malkia bado yuko kule. Rudia.

Acha sanduku hapohapo mpaka giza liingie ili wapelelezi waliokuwa mbali warudi. Wafugaji wengi wanaoanza huondoka na sanduku saa nane mchana na kuacha nyuki mia kadhaa wakizunguka tawi tupu.

Kupiga madebe kunalishusha bumba?

Warumi wa kale walipiga matoazi, na watu bado wanapiga masufuria. Sijawahi kuona likishuka kwa kelele. Bumba hutua karibu na mzinga wake hata hivyo, na aliyepiga debe anajisifu. Maji yanayopulizwa juu yao kama mvua husaidia kidogo.

Liko mita nane juu, au limeingia ndani ya ukuta wa nyumba.

La mita nane liache. Tundika sanduku lenye harufu karibu na utumaini wapelelezi. La ukutani si bumba tena bali ni kundi lenye makao, majana na walinzi, na kulitoa ni kazi ya kubomoa inayohitaji mtu mwenye uzoefu. Kama kuna mtu aliyepulizia dawa ya wadudu, usilichukue wala usile asali yake.

## Baada ya kuwapata

Naweza kuwahamisha lini, na umbali gani?

Usiku, tundu likiwa limezibwa kwa wavu ili wapate hewa. Bumba ulilolitikisa leo unaweza kulipeleka popote usiku huohuo, kwa kuwa bado halijakariri makao. Lakini lililoingia lenyewe kwenye sanduku na kukaa siku kadhaa limeshakariri. Kanuni ya zamani ya wafugaji ni kuwasogeza chini ya mita 1 au zaidi ya kilomita 5. Katikati ya hapo watarudi pale sanduku lilipokuwa. Ukilazimika, ziba tundu kwa majani mabichi mbele ya mzinga mahali papya. Wakihangaika kupita, wanajifunza upya.

Niwalishe?

Wakiwa wameingia wakati maua yamejaa, hapana. Wakifuatiwa na siku za mvua au ukame, wape maji ya sukari, sukari na maji kwa uzito sawa, ndani ya mzinga na jioni. Bumba lina kiu kubwa ya kujenga masega, na kutengeneza nta kunakula asali nyingi. Lakini mimi husubiri siku tatu kwanza, wamalize asali waliyokuja nayo, maana huenda imebeba vijidudu vya ugonjwa kutoka walikotoka.

Wametoroka siku ya nne! Kwa nini?

Pole. Langu lilitoroka kwa sababu nilifungua kila siku kuwaonyesha wageni. Sababu nyingine za kawaida ni jua kali juu ya kifuniko, harufu ya rangi mpya, siafu na njaa. Dawa bora ni kuwapa kitu cha kuwafunga hapo: fremu moja yenye majana machanga kutoka mzinga wenye afya. Nyuki hawaachi watoto kirahisi. Kama huna, wape sega tupu la zamani, waweke kivulini, na usifungue kwa siku saba hadi kumi.

Wengine huweka wavu wa kumzuia malkia mlangoni. Siku mbili tatu unaweza, ila kama malkia ni bikira umemfungia asiende kupandwa, na utakuwa umejiletea tatizo la swali linalofuata.

Wiki tatu zimepita na sioni mayai.

Malkia mzee huanza kutaga mara masega yanapopatikana, ndani ya siku chache. Malkia bikira anahitaji kukomaa, kuruka kukutana na madume, kurudi salama na kuanza. Wiki mbili hadi tatu ni kawaida, hali ya hewa mbaya ikiongeza. Tazama jua likiwa nyuma yako. Mayai ni kama vijiti vyeupe vilivyosimama chini ya chumba, na mimi mwenyewe niliyakosa mara mbili.

Ukikuta mayai mengi ndani ya chumba kimoja, yameegemea kuta, ni vibarua wanaotaga, na hao watatoa madume tu. Hapo malkia hayupo. Usipokuta yai lolote, wape fremu yenye mayai kutoka mzinga mwingine. Wakijenga seli za malkia, wamekujibu.

Je, bumba linaweza kuleta magonjwa?

Ndiyo, na utitiri wa varoa hasa. Lakini kuna habari njema: bumba jipya halina majana yaliyofunikwa, kwa hiyo utitiri wote uko juu ya nyuki wakubwa na hauna pa kujificha. Kama eneo lako hutibiwa varoa, hizo siku za mwanzo kabla seli hazijafunikwa ndizo bora kuliko zote. Weka bumba jipya mbali kidogo na mizinga yako mingine mpaka uone majana yake ya kwanza ni meupe na yenye afya.

## Ya pembeni

Bumba lililotua kwangu ni la nani?

Ugomvi wa zamani. Sheria ya Kirumi ya karne ya 6, wakati wa Mfalme Justinian, ilisema bumba lililotoka mzingani mwako ni lako madhali unaliona na unaweza kulifuata. Likipotea machoni, ni la atakayelikamata. Sheria ya Ujerumani bado inafanana na hiyo: mwenye nyuki asiyelifuata bila kuchelewa amelipoteza. Kwingine kuna taratibu tofauti, na nchi nyingine zinataka mizinga isajiliwe, kwa hiyo ulizia ofisi ya kilimo au ya nyuki. Jirani akija mbio akihema nyuma ya bumba, mimi humpa ngazi.

Nimepata mabumba mawili madogo. Niyaunganishe?

Unaweza, siku hiyohiyo, jioni, kabla hayajajenga. Yamwage pamoja mbele ya mzinga mmoja. Malkia watamalizana wenyewe. Yakishakaa siku kadhaa tenganisha kwa gazeti lenye vitundu vichache, wakilitafuna watakuwa wamezoeana harufu.

Nimeumwa mara nyingi. Nitajuaje ni hatari?

Kwangua mwiba mara moja, kwa chochote, maana sumu inazidi kuingia kadiri unavyotafuta namna nzuri ya kuutoa. Ondoka eneo hilo. Ukisikia harufu kama ya ndizi mbivu, ni nyuki wanaitana kuuma. Uvimbe mahali ulipoumwa ni kawaida. Vipele mwili mzima, uso au ulimi kuvimba, kupumua kwa shida, kizunguzungu au kutapika si kawaida: hospitali mara hiyo, hata kama ni mwiba mmoja. Aliyewahi kupata hivyo asikaribie bumba.

Nitarina asali lini?

Si msimu huu, kwa kawaida. Waache wajaze chumba cha chini kwanza.

Sanduku limekaa misimu miwili bila kitu. Nilitoe?

Lihamishe mita mia kadhaa, ubadilishe pamba ya mchaichai, ulitundike tena. Lile langu la panya mwaka huu limezungukwa na wapelelezi tangu Jumatatu. Leo asubuhi nilihesabu kumi na saba.